Kwa Kamati Itakayoundwa Jengo Lijalo Likianguka

Kwa Mwenyekiti, Katibu na Wajumbe,
Kamati ya Kuchunguza Chanzo cha Kuporomoka kwa Jengo la Mtaa wa ............ (mtajaza wenyewe),
Dar es Salaam.

YAH: KUWAPUNGUZIA KAZI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mwandishi wa barua hii anajua fika kwamba kamati yenu haijaundwa. Mwenyekiti wake bado yuko ofisini anasaini madokezo, au amekwisha kustaafu na anafuga kuku Kibaha, na hakuna mjumbe hata mmoja aliyepigiwa simu. Hata hivyo, imani ipo. Mwaka 2006 hoteli ya ghorofa iliporomoka Chang'ombe, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Lowassa, akaunda timu ya kukagua maghorofa ya jiji. Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka kando ya msikiti, mahali watoto walipokuwa wakicheza. Watu 36 walikufa, na uchunguzi ukafuata. Jumamosi ya 16 Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo, na Waziri Mkuu wa siku hizo, Kassim Majaliwa, akatangaza kamati ya watu 19. Kwa mwendo huo, kamati yenu inasubiri tarehe tu, na mgeni anayejulikana kuwa yuko njiani huandaliwa chakula mapema.

Chakula chenyewe ni rasimu ya ripoti.

Sehemu ya historia haina shida, mtanakili. Kwa tukio la Kariakoo mtaandika kwamba jengo la ghorofa nne lilishuka asubuhi, biashara zikiwa zimeshafunguliwa. Watu walipiga simu kutoka chini ya vifusi, wakapitishiwa maji na hewa ya oksijeni kwenye matundu. Zaidi ya 80 walitolewa hai na takriban 30 wakapoteza maisha. Taarifa za siku zile zilitaja uchimbaji chini ya jengo kwa ajili ya kuongeza maduka. Nani alaumiwe, hilo lilifikishwa mahakamani, na barua hii inaliacha huko huko. Inachotaka kueleza ni kwa nini mtu mwenye akili zake timamu achimbe chini ya nyumba yenye watu.

Anzeni na fremu. Fremu ya Kariakoo ni chumba ambacho mtu mzima akinyoosha mikono anakaribia kugusa kuta zote mbili. Mbele ina mlango wa bati wa kukunja, ndani nguo zimening'inizwa mpaka darini, nje kuna kiti cha plastiki cha kijana anayeita wateja. Ikiwa chini na imetazama barabara, mpangaji hulipa kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo. Kabla ya hapo amekwisha kulipa kilemba, donge nono analompa anayemwachia nafasi, au dalali, au mwenye nyumba, fedha isiyo na risiti wala mstari kwenye mkataba. Fremu ya ukubwa ule ule ikipelekwa ghorofa ya tatu, bei yake inashuka vibaya, maana mteja aliyetoka Lubumbashi au Lusaka hana sababu ya kupanda ngazi wakati mtaa mzima umemwagwa chini.

Mwenye jengo anapiga hesabu zake. Kushoto kuna jirani, kulia kuna jirani, mbele kuna barabara ambayo wamachinga wameshaimaliza. Juu hakulipi. Inabaki chini.

Kuchimba chini ya jengo lililokwisha simama si uchawi, wahandisi wanaifahamu kazi hiyo vizuri. Udongo hupimwa kwanza, nguzo hushikiliwa kwa miimo ya chuma, msingi hushushwa kipande kwa kipande, na kipande cha pili hakiguswi mpaka zege la kwanza limeshika. Ni kazi ya miezi, na katika miezi hiyo wapangaji wanatakiwa watoke. Hapo ndipo hesabu inapochacha. Aliyelipa kodi ya mwaka hatoki. Mwenye jengo naye hana hamu ya kumrudishia chake. Kwa hiyo juu watu wanauza viatu, chini sururu zinalia, na udongo unaondoka usiku kwa lori ili usimsumbue mtu.

Kisha kamati iinue macho. Ghorofa nyingi za Kariakoo zilichorwa kuwa makazi, na leo ni stoo. Katika viwango vya Uingereza, ambavyo vizazi vya wahandisi wa nchi hii vilisomea, sakafu ya nyumba ya kuishi huhesabiwa kubeba takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba: kitanda, kabati, jokofu, mgeni wa Jumapili. Sakafu ya ghala huhesabiwa kilo 240 kwa kila mita moja ya kimo cha mzigo. Mtu akipanga marobota ya vitenge mpaka mita mbili, ameshafika kilo 480, na bado hajaita vijana wa kuyapanga. Lifti ya jengo hilo, kama inafanya kazi, ina kibao kinachosema mwisho ni watu wanane. Sakafu iliyobeba shehena ya kontena zima haina hata kikaratasi.

Mtauliza wakaguzi walikuwa wapi. Walikuwapo, na wengi. Kwenye mabati ya eneo la ujenzi hutundikwa bango lenye jina la mwenye mradi, msanifu, mhandisi mshauri, mkadiriaji majenzi na mkandarasi. Nyuma ya majina hayo kuna Bodi ya Usajili wa Makandarasi, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, Bodi ya Usajili wa Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, OSHA kwa usalama wa mafundi, NEMC kwa mazingira, Zimamoto kwa moto, na halmashauri kwa kibali chenyewe. Jengo linalotazamwa na macho mengi kiasi hicho lingepaswa kuona haya kuanguka. Ila bango hushushwa siku jengo likikabidhiwa. Yanayotendeka ndani baada ya hapo, ukuta kubomolewa ili fremu mbili ziwe nne, tangi la maji la ziada kupandishwa juu ya paa, chumba cha kulala kugeuzwa ghala, hayana bango.

Kamati ikichoka kukanyaga vifusi, itembee hadi Soko Kuu la Kariakoo. Nauli haihitajiki. Soko hilo lilisanifiwa na Beda Amuli na kuzinduliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1975, wakati maneno kama "uwekezaji endelevu" hayajaletwa na semina yoyote. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege. Mvua inayoiangukia hukusanywa na kuteremshwa kwenye tangi lililo chini ya ardhi, na katikati ya miavuli hewa ya moto inatoka, mwanga unaingia. Na lina andagraundi, waheshimiwa! Wafanyabiashara wanaiita Shimoni, na ilifanya biashara kwa miongo bila kumfukia mtu, kwa sababu ilichorwa kabla sepeto ya kwanza haijagusa udongo. Moto wa usiku wa 10 Julai 2021 uliliunguza soko, nalo likabaki limesimama mpaka Serikali ilipotenga zaidi ya Sh bilioni 28 kulikarabati na kujenga jingine jipya pembeni yake.

Mwandishi anakiri kwamba kumtaja Amuli mbele ya wawekezaji wa leo ni kukosa adabu kidogo. Wawekezaji hao wanafunika jengo zima kwa vioo, katika jiji ambalo Februari yake kila mtu anaijua, halafu wananunua viyoyozi vya kupigana na jua walilolikaribisha wenyewe. Gharama ya LUKU anasukumiwa mpangaji. Kwenye kipeperushi jengo hilo huitwa la kisasa.

Msije mkadhani watu binafsi ndio peke yao wanaojenga kwa bahati. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka mita 60 kutoka ukingo wa mto kuwa eneo la kulindwa. Desemba 2015 alama za X zilichorwa kwenye kuta za nyumba za Bonde la Msimbazi, matingatinga yakafuata, na wakazi wakaelezwa kwamba bonde ni la maji. Miezi michache baadaye, Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yalianza safari, karakana yake ikiwa Jangwani, ndani ya bonde lile lile. Mvua hazikupewa nakala ya uamuzi huo. Zimeifurisha karakana mara kadhaa, na mabasi yakapigwa picha yamesimama ndani ya maji kama viboko. Kama ukuta wa karakana uliwahi kuchorwa X, basi rangi ilisombwa. Leo kuna mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde hilo, ukiwa na dola milioni 200 za Benki ya Dunia zilizoidhinishwa 2022, na mojawapo ya kazi zake ni kuihamisha karakana.

Halafu kuna Dege, Kigamboni. Huko NSSF na mbia binafsi walianzisha mradi wa nyumba zaidi ya 7,000 ulioitwa Dege Eco Village, jina la kijani kabisa. Ujenzi ulisimama mwaka 2016. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alihoji, pamoja na mengine, bei ya ardhi iliyohesabiwa kuwa mtaji wa mbia. Maghorofa yakabaki na madirisha matupu, michango ya uzeeni ya wafanyakazi ikiwa imegandia ndani ya zege. Kwa mizani ya mazingira pekee, hakuna mradi uliofanya vizuri kama huo katika miaka iliyofuata: haukuchoma umeme, haukumwaga majitaka, na majani yaliota bila bajeti.

Wala isisemwe kwamba fedha zenye masharti hazipo. Mwaka 2023 Benki ya CRDB ilitangaza hatifungani ya kijani ikitafuta Sh bilioni 40, na wawekezaji wakaleta Sh bilioni 171.8. Anayechukua mkopo kutoka kwenye mfuko wa namna hiyo huulizwa maswali: mradi ni upi, utaathiri nini, taarifa italetwa lini. Shida ni kwamba ghorofa la Kariakoo halipiti dirisha hilo. Linajengwa kwa faida ya duka, kwa mchango wa ndugu, kwa kodi iliyolipwa kabla fremu haijapigwa plasta, na kwa kilemba. Kwa maneno mengine, mwekezaji wake mkuu ni mpangaji. Ameweka fedha mbele, amebeba hatari yote, yeye na msichana wake wa dukani ndio wanaokaa chini ya zege kuanzia asubuhi mpaka jioni, na ndiye mwekezaji pekee mjini ambaye hana haki ya kuonyeshwa mchoro.

Hapa rasimu inafika kwenye mapendekezo. Mwandishi ameacha nafasi kwa yale mawili ya lazima, yaani elimu itolewe kwa wadau na sheria zisimamiwe kikamilifu, akijua kamati itayaweka hata asipoyaandika. Lakini anaomba yaongezwe mambo machache ambayo hayahitaji safari ya kujifunza Singapore. Kibali cha ujenzi, chenye idadi ya ghorofa na matumizi ya kila moja, kibandikwe mlangoni pa jengo kwa maisha yake yote, na nakala iambatanishwe kwenye kila mkataba wa fremu. Uzito unaoruhusiwa uandikwe ukutani kila ghorofa, kwa kilo na kwa marobota, ili mpagazi naye ausome. Jengo lisichimbwe wala kuvunjwa kuta likiwa na watu ndani, na mpangaji anayetolewa kupisha ukarabati arudishiwe kodi ya siku hizo kabla fundi hajaingia. Hili la mwisho ndilo gumu, kwa sababu linagusa mfuko, na mwandishi hatashangaa likipotea kati ya rasimu na chapa.

Kilemba nacho kiingie kwenye mkataba. Leo mwenye jengo, dalali na mpangaji wote watatu wanafaidika kwa kukificha, TRA peke yake ndiyo inayolia, na mpangaji akifukuzwa ili sakafu ichimbwe hana karatasi ya kudai hata nusu yake. Mtu anayeweza kudai milioni zake mahakamani atauliza kwa nini nguzo ya dukani kwake ina ufa. Asiyeweza atapaka rangi na kutundika nguo mbele yake.

Kuhusu posho za vikao, mwandishi hana maoni. Ripoti ikikamilika anaomba ichapishwe yote, na viambatisho vyake, na iuzwe kwa bei ya gazeti pale Msimbazi Polisi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwandishi

Nakala:
Bodi zote zilizotajwa
Wenye majengo, Kariakoo (kupitia kwa madalali)
Kamati itakayofuata yenu
Mpangaji, fremu ya tatu kushoto ukishuka ngazi (apewe mkononi, hana sanduku la posta)