Mahindi Mezani, Kuku Mlangoni

Lori likiharibika Luberizi, kwenye Barabara ya Taifa namba 5, dereva hana budi kusubiri spea kutoka Uvira. Dereva mmoja aliyekwama pale aliona kusubiri kunachosha, akawafundisha wenyeji poka. Sarafu za kuchezea hazikuwapo, hivyo zikatumika punje za mahindi, kila punje franka 50.

Dereva alikuwa na ugonjwa mmoja. Mtu akipandisha dau, naye anapandisha juu yake papo hapo, kabla hata karata za mezani hazijafunuliwa. Kijana mwenyeji wake akawa anatupa karata kila mara, hata zile za maana.

Hapo ndipo wengi wanapoliwa. Jozi ya asi humjia mchezaji mara 1 tu katika migao 221, kwa hiyo anayepandisha kila mgao hawezi kuwa nayo kila mgao. Mtu wa aina hiyo anafuatwa kwa karata za kueleweka, hasa na mwenye zamu ya mwisho, au anapandishiwa tena. Asi na tano za kopa zinaifaa kazi hiyo ya pili: ukishika asi moja, njia za mwenzako kupata jozi ya asi zinapungua kutoka 6 hadi 3. Kijana alizipata. Akazitupa.

Mwalimu mstaafu, yeye, alishinda kimya tangu mchana, akitafuna ndagala na kutupa karata bila kinyongo. Jioni kijana akapata asi na malkia, akaweka punje 6. Mwalimu akaweka miwani sawa, akahesabu punje moja moja.

“Ishirini, kijana wangu.”

Pamoja na punje 3 za dau la lazima, mezani zilikuwa 29. Kijana alitakiwa kuongeza 14 ili zifike 43, yaani dau lingemlipa iwapo angeshinda karibu mara moja katika tatu. Lakini mtu mkimya kama Mwalimu hapandishi hivyo ila akiwa na jozi ya asi, ya wafalme au ya malkia, ama asi na mfalme. Mbele ya karata hizo, asi na malkia hushinda yapata robo tu. Zilikuwa za kutupa.

“Mwalimu, leo nimeonewa vya kutosha!” Hasira za kijana kwa dereva zikamwangukia mzee wa watu, na rundo lote la kijana likasukumwa katikati.

Mwalimu akafunua asi na mfalme. Mezani zikaja karata ndogo tupu zisizomsaidia yeyote, na mfalme akatosha.

Kabla Mwalimu hajazoa mahindi yake, kuku aliyekuwa akizurura mlangoni aliingia na vifaranga wake, wakala karibu nusu ya ushindi. Mwalimu akadai fidia ya kila punje iliyomezwa. Kijana akasema deni hilo ni la kuku. Mama mwenye nyumba akatoka jikoni na mwiko, akauliza ni nani aliyechota mahindi yake ya mbegu.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, dereva akatupa karata.