Sifa za Chaji Iliyogoma

Kusifu kitu kinachofanya kazi hakuhitaji ufundi. Injini ikiwaka na breki zikishika, nani atakosa la kusema? Leo naisifu chaji ya pikipiki iliyogoma, ile ambayo injini inaunguruma mchana kutwa na betri haionji chochote. Imetukanwa mno vijiweni, wala sijasikia hata mmoja akiitetea.

Tuanze na adabu yake. Tairi likipasuka mtaa mzima unajua. Mnyororo ukikatika, abiria anashuka hapo hapo na nauli yake mfukoni. Chaji ikifa haipigi kelele. Leo honi imepata mafua, kesho indiketa zinawaka bila kupepesa, keshokutwa unabonyeza selfu unasikia tak, tak, basi. Imekuaga kwa awamu, na wewe huna habari.

Halafu inajenga mwili. Pikipiki nyingi zilizoigiza Honda CG125 hupata moto wa plagi kutoka kwenye koili yake maalumu, betri iwepo isiwepo, kwa hiyo kiki mbili tatu na kazi inaendelea. Zile zinazotegemea betri zina fadhila nyingine: zinakuzimikia njiani, wapita njia wanakusukuma, mnajuana. Usiku hata abiria hupandishwa cheo. “Dada, nyoosha mkono wa kulia, tunakata kona.” Kapanda mteja, kashuka indiketa.

Lakini kipaji chake hasa ni kusingizia. Chaji ikigoma, anayehukumiwa ni betri. Kijiwe kizima kinakata shauri bila kikao: “Hiyo betri imekufa, ndugu yangu.” Betri mpya inanunuliwa, hesabu ya bosi inapungua, na kwa siku chache mambo ni mazuri, kwa sababu pikipiki inakula chaji iliyotoka nayo dukani. Ikiisha, honi inarudia mafua yake. Sasa lawama ni kwamba betri za siku hizi ni feki. Wauza spea wangekuwa na shukrani, wangeichangia chaji iliyogoma angalau bango la barabarani.

Adui wake ni mita ndogo ya kupimia umeme. Betri nzima iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Washa, piga resi, namba ipande hadi kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu huku inateremka, betri imesingiziwa. Ikivuka 15, rektifaya imeshindwa kuuzuia umeme na maji ya betri yanachemka. Hilo nalo litaiua betri, ila kwa kuivimbisha tumbo badala ya kuinyima chakula.

Mwenye mita hatosheki hapo. Atafuata nyaya zinazotoka kwenye magneti, ambako sumaku inazunguka kando ya koili za shaba na kuzalisha umeme kwa kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Kwenye pikipiki zenye nyaya tatu za njano, atavua soketi na kupima mkondo geu kati ya kila jozi: namba zote tatu ziwe karibu sawa, na zipande kwa resi. Kisha atazima injini aone kama kuna waya wa njano uliokutana na bodi. Ukikutana, koili imeungua. Koili ikiwa nzima, fundi anahamia kwenye rektifaya, kile kipande cha alumini chenye mapezi, ambacho kwenye pikipiki nyingi huutupa umeme wa ziada kwa kuugeuza joto. Kiliwekwa penye upepo kwa sababu hiyo. Sisi tumekipaka tope la masika, na ile koili iliyopimiwa taa, honi na plagi tumeiongezea spika, chaja ya simu na taa za rangi rangi.

Ajabu ni kwamba mara nyingi hapo kati hakuna kilichokufa. Ni soketi. Plastiki iliyokuwa nyeupe imekuwa ya kahawia, ukiivua inanuka moto, na ndani pini moja ni nyeusi huku wenzake wanang’aa. Au ni waya wa hasi uliolegea chini ya kiti, umeota unga wa kijani. Ugonjwa wa bei ya kipande cha msasa umeuza betri mbili! Hapo ndipo heshima yangu kwa chaji iliyogoma hupanda kabisa.

Kwa hiyo, ndugu dereva, ukimwona fundi anakujia na mita kabla hajakutajia bei ya betri, mkimbie. Akishaugusisha ule waya mwekundu kwenye chanya na mweusi kwenye hasi huku injini inaunguruma, dakika moja tu inatosha kukunyima raha ya kununua betri ya tatu.