Ushauri kwa Wasafiri wa Bonde: Ndege Mbili, Dakika Hamsini na Tano

Kuunganisha ndege ni kushuka katika ndege moja na kupanda nyingine kabla ya kufika mwisho wa safari, na kila uwanja mkubwa una kiwango cha chini cha muda wa kufanya hivyo, ambacho tiketi moja haitakiwi kuuzwa chini yake. Wakazi wa Bonde la Kilombero hawana sababu ya kuliona jambo hili geni, kwani Kidatu ni kituo cha namna hiyo hiyo: reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067 na Reli ya Kati ya zamani 1,000, na kwa kuwa behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine, shehena hushushwa na kupakiwa upya. Tofauti ni kwamba gunia la mchele halikimbilii getini na viatu mkononi.

Mtafiti chipukizi wa Viwanja Sitini, anayekwenda Basel, mji uliofungamana na Ifakara tangu Waswisi walipoanzisha maabara yao mwaka 1957, anauliza iwapo dakika 55 za kuunganisha Amsterdam zinatosha. Kwenye karatasi zinatosha. Hata hivyo, geti hufungwa dakika 15 hadi 20 kabla ya ndege kuruka, kwa hiyo zinabaki 35 hadi 40, nazo huanza kuliwa na abiria wa safu za mbele wanaoteremsha mabegi taratibu kana kwamba wamefika nyumbani. Isitoshe, Uholanzi na Uswisi zote zimo katika eneo la Schengen, yaani nchi zilizokubaliana kwamba pasipoti ya mgeni ikaguliwe pale anapoingilia, hivyo foleni ya uhamiaji ataipanga Amsterdam huku ndege ya pili ikipakia. Akipitia Addis Ababa au Doha hadi Zürich, foleni hiyo ataikuta mwishoni, ambako kinachomsubiri ni treni ya Basel, nayo ina wenzake wengi.

Ama tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali kwa ajili ya unafuu wa bei, safu hii inazikataa, kwa sababu mwenye tiketi moja akicheleweshwa na ndege ya kwanza hutafutiwa nafasi nyingine na shirika, ilhali mwenye tiketi mbili huhesabiwa na shirika la pili kuwa mchelewaji tu, sawa na aliyepitiwa na usingizi. Tena muunganiko wa hatari zaidi ni wa basi na ndege: barabara kuu hukata Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, mwendo umewekewa kikomo kwa ajili ya wanyama, na twiga anayevuka hana habari ya Amsterdam. Mtafiti na alale Dar es Salaam, ila shangazi atakayempokea atajiwe saa ya ndege iliyorudishwa nyuma kwa saa mbili, maana pilau ya kuagana haijui ratiba.

Mama Mkwe wa Mang'ula anataka kumpelekea binti yake asali lita moja ndani ya mkoba wa mkononi. Asali huhesabiwa kuwa kimiminika, na viwanja vingi bado vinaruhusu mililita 100 tu kwa chupa. Kupita ukaguzi wa Dar es Salaam hakumwondolei ukaguzi wa pale anapounganisha. Iwekwe kwenye begi kubwa, ifungwe mara tatu.

Mke wa Kibaoni anaeleza kwamba mumewe amechelewa kurudi kwa siku moja, akidai ndege ilimwacha Addis Ababa, na anauliza kama aamini. Abiria wa tiketi moja aliyeachwa kwa kosa la shirika kwa kawaida hupewa hoteli, chakula na pasi mpya ya kupandia ndege yenye jina lake, tarehe na saa. Bibi na aiombe hiyo pasi. Asiyekuwa nayo hakuachwa na ndege.