Kompaila Ina Mdomo

Jamani, nani aliwaambia Pascal ni lugha ya kompyuta ya wanaoanza? Mimi niliambiwa Niklaus Wirth, msomi wa Uswisi, aliitoa mwaka 1970 makusudi kwa ajili ya kufundishia wanafunzi. Nikasema hii saizi yangu. Kumbe saizi yangu haijashonwa bado.

Kuna kitu kinaitwa kompaila. Kazi yake kusoma ulichoandika na kukigeuza kiwe programu. Basi. Lakini hii Free Pascal yangu ina mdomo kama mama mwenye nyumba tarehe za kodi. Inaanza na hinti: eti parameta hii umeitangaza na hujaitumia. Sasa wewe kinakuuma nini? Inakuja noti: eti kigeu hiki umekipa thamani halafu hukukigusa tena. Kisha waningi: eti kigeu hiki hakionekani kupewa thamani ya kuanzia. Hakionekani! Yaani hata yenyewe haina uhakika, ila mimi nishasemwa. Na hapo era bado. Thubutu uweke nukta-mkato kabla ya else uone, inagoma mazima.

Nikapata dawa. Hinti, noti na waningi hazizuii programu kutoka, kinachozuia ni era. Sasa kusoma kwa nini? Nikawa nauchuna.

Nikaandika programu ya madeni yangu dukani kwa Mangi. Nadaiwa 40,000. Nikatangaza deni ni integer, yaani namba kamili, nikaandika deni := 40000. Ikaropoka waningi, sijui namba iwe kati ya -32768 na 32767. Nikauchuna. Programu ikatoka, nikaiendesha. Deni: -25536.

Hasi! Mwenzenu hesabu zilinipita pembeni, lakini hasi naijua. Deni likiwa hasi, Mangi ndiye anayedaiwa. Nikabeba laptop mpaka dukani, watu wamejaa wanapimiwa mafuta ya kula, nikaifungua juu ya kaunta. Mangi akatazama skrini. Akatazama daftari lake. Akamwita binti yake wa kidato cha nne, anayesoma kompyuta.

Yule mtoto akapandisha skrini juu, akaisoma ile waningi kwa sauti, mbele ya wateja.

"Anko, si ilikwambia 40000 haiingii? Integer hii ina biti 16 tu. Ukipita 32,767 inageukia hasi. 40,000 toa 65,536, ndiyo hiyo -25,536 yako. Weka longint."

Mama mmoja aliyefuata ndimu alicheka mpaka akaacha chenji yake.

Hivi waliotengeneza integer ya kuishia elfu thelathini na mbili hawakopi dukani? Mchele tu umeshaimaliza!

Basi ndugu msomaji, kama deni lako halizidi 32,767, tumia integer kwa raha zako. Sisi wengine ni longint, inabeba bilioni mbili na ushee. Ila mimi haitanisaidia tena. Mangi kashasema mwenye laptop hakopeshwi.