Bwana Shauri, Meneja na Msamaha

Kariakoo hakuna anayefuga mnyama kwa mapenzi. Waulize wenyewe. Paka ni wa panya, jogoo ni wa mbegu, mbuzi ni wa sadaka, na kasuku aliachwa tu na marehemu babu. Mwambie mwenye duka yeyote wa Mtaa wa Narung'ombe kwamba anampenda paka wake, atakutazama kama umemwambia anapenda mizani. Kwa uongo huo mmoja, unaosemwa na watu wazima wenye akili timamu, mimi nimelipa kodi ya chumba miaka miwili na nimenunua feni.

Ilianza Desemba, mwezi ambao Wachaga wa mjini wanakwenda kwao kuhesabiwa. Mangi, mwenye duka kwenye fremu ya mbele ya nyumba yetu, alikuwa amekata tiketi ya alfajiri kutoka Mbezi Luis. Tatizo lake lilikuwa paka. Mwaka uliotangulia alimfungia dukani na sahani ya dagaa, akaenda zake Rombo. Paka akatoka kwa kupenya nondo za dirisha. Mangi aliporudi Januari alikuta panya kwenye magunia ya mchele wamenenepa hawakimbii tena, wanatembea.

"Dogo," akaniambia, "wewe hiyo biashara yako ya kava za simu haina haraka. Nikuachie Meneja. Buku mbili kwa siku. Lakini usimdekeze, ni paka wa kazi tu."

Usiku ule ule akapiga simu.

"Meneja kala?"

"Kala."

"Mpe simu."

"Nimpe nani?"

"Mwekee sikioni."

Nikamwekea. Mangi akaongea naye Kichaga muda mrefu. Kichaga sikijui, ila najua hakuna tajiri anayeongea na mfanyakazi wake kwa sauti ile. Alipiga tena kesho yake, na Krismasi yenyewe akapiga mara tatu. Siku ya Mwaka Mpya nikajua nimepata biashara.

Mwenye nyumba wetu ni bibi mmoja ambaye nyumba yake ni miongoni mwa zile chache za Kiswahili zilizobaki, vyumba sita, ukumbi katikati na uwani nyuma, imebanwa na maghorofa pande tatu kama mtoto kwenye daladala. Nilikwenda kumwamkia na kumweleza shughuli. Akasikiliza, akatafuna tambuu, akasema paka sawa, Mtume aliwapenda, kuku sawa, ndege sawa. Mbwa hapana.

"Mbwa akilamba chombo kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo," akasema. "Sasa udongo, mwanangu, Kariakoo hii utauchimba wapi? Kote zege."

Kwa hiyo bango likaandikwa: TUNALEA PAKA, KUKU NA NDEGE. WANAOSAFIRI KARIBUNI. MBWA HAPANA. Mchoraji nilimpata Mtaa wa Swahili, kijana hodari sana wa herufi. Nilimwomba pembeni achore paka. Akachora kitu chenye madoa, meno nje, kinakutazama popote utakaposimama. Nilipolalamika akasema paka wa kawaida havuti wateja.

Wateja walivutika. Tatizo likawa chakula. Paka watano wanakula faida yote ukiwanunulia dagaa wa dukani, basi nikawa nakwenda Feri saa kumi na mbili asubuhi, wakati wachuuzi wanaparua samaki, kuchukua vichwa na matumbo kwa bei ya maelewano. Kariakoo ilipata jina kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambao Waingereza waliwapigisha kambi hapa enzi za Vita Kuu ya Kwanza, kwa hiyo nilijiona naendeleza mila. Ila wapagazi wale hawakuwahi kubeba matumbo ya samaki baada ya tarehe 1 Juni 2019. Mimi nimebeba. Ndiyo siku mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, na rambo zetu, ambazo zingeweza kubeba hata supu, zikaondoka duniani. Tukabaki na hii mifuko inayofanana na kitambaa. Ni mifuko mizuri, inapitisha hewa. Inapitisha kila kitu.

Nilipanda mwendokasi Kivukoni, mfuko mapajani. Pembeni yangu alikaa bwana mmoja wa suti ya rangi ya maziwa, kashika bahasha, uso wa mtu anayekwenda kwenye usaili. Tulipopita Posta nikasikia ubaridi gotini. Nikatazama chini: mstari mwembamba, mwekundu kidogo, ulikuwa umetoka kwenye mfuko, umevuka suruali yangu, na sasa unatafakari namna ya kuvuka kwenda kwake. Nikainua mfuko. Kosa. Ukiinua mfuko wa namna ile unaukamua.

Sitaeleza yaliyosemwa. Nilishuka Fire pamoja na nusu ya basi, ingawa wengi wao hawakuwa wanashuka Fire. Yule bwana nilimpa namba yangu ili nimlipie dobi. Hajapiga mpaka leo, na kila nikiona suti ya rangi ile navuka barabara.

Mwezi wa pili akaja Bwana Shauri. Huyu ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, jamii ya misitu ya Kongo, ambaye mzee mmoja wa mtaa wa jirani alimnunua kwa baharia mwaka 1983, zamani sana kabla ya biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini wa aina hii kupigwa marufuku Januari 2017. Mzee alikuwa anakwenda Bagamoyo kwenye arusi, wiki tatu.

"Si kwamba nampenda," akasema, akifuta tundu kwa leso yake mwenyewe. "Urithi wa watoto tu."

Nikapiga hesabu. Ndege ana umri unaonizidi miaka kumi na mitatu. Nililelewa vizuri, kwa hiyo asubuhi ya kwanza nilipofunua shuka la tundu nikamwambia, "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu, kwa sauti ya mtu mwenye viwanja. "Hujambo? Wazee hawajambo?"

Nikasema hawajambo. Unafanyaje?

Wiki hiyohiyo nilikuwa na kuku mmoja mweusi tititi, wa mama aliyekwenda msibani Tanga, nimemfunga mguu mlangoni asizagae. Sasa jiweke nafasi ya mpita njia: bango lenye mnyama wa madoa anayekutazama, kuku mweusi kafungwa mlangoni, na ukipiga hodi sauti ya mzee inakujibu kutoka gizani. Akaja dada mmoja, kajitanda mtandio mpaka puani. Akaketi, akateremsha sauti.

"Nimeambiwa hapa mnasaidia. Mnaweza kumrudisha aliyeondoka?"

Nikasema inategemea. "Kaondoka lini?"

"Wiki ya tatu sasa."

"Ana kawaida ya kuzurura?"

"Sana."

"Usiku?"

"Usiku hasa."

Nikatikisa kichwa kitaalamu. Dume, bila shaka. "Amehasiwa?"

Dada akanyamaza. Akateremsha mtandio kidogo, nikaona macho yake yameingia nuru mpya.

"Bado," akasema. "Kumbe na hilo mnafanya? Shilingi ngapi?"

Nilipomweleza kwamba mimi nalea paka, alikasirika kuliko yule wa suti. Aliondoka akisema nimezijua siri zake bure. Mlangoni Bwana Shauri akamuaga vizuri, "Nenda salama, wasalimie," naye akakaza mwendo.

Ndege huyu alikuwa na akili kupita wateja wangu wote na baadhi ya majirani. Kosa langu lilikuwa kumtundika dirisha la barazani, apate hewa. Barazani kwetu anakaa fundi cherehani, na fundi yule ni Simba damu. Mzee wa kasuku ni Yanga. Kwa msomaji wa mbali: Yanga ni ya mwaka 1935, Simba ya 1936, makao yao yote mawili yako hapa hapa Kariakoo, mwendo mfupi kwa miguu, na kuna ndugu wa tumbo moja mtaani kwetu ambao siku ya mechi yao hawapeani chumvi. Fundi alikuwa na karanga. Alikuwa na wiki tatu. Mimi nilikuwa Feri kila asubuhi.

Mzee akarudi kutoka Bagamoyo, kaleta visheti. Akasimama mbele ya tundu, akasema kwa upole, "Bwana Shauri, nimerudi."

Bwana Shauri akainamisha kichwa upande, akamtazama, akasema, "Nguvu moja!"

Mzee akavua kofia. Akakaa kwenye kigoda. Nje, cherehani ikaongeza mwendo.

"Miaka arobaini," akasema mzee. "Hajawahi kunivunjia heshima." Kisha, bila kunitazama, "Kamfundisha nani?"

Nikasema sijui, pengine redio. Sikuchukua hata senti yake. Visheti aliondoka navyo. Wiki iliyofuata nilipita mtaani kwake kwa siri nikamkuta kabeba tundu mapajani, anarudia taratibu, silabi moja moja, "Daima mbele, nyuma mwiko," na ndege anamtazama kwa huruma. Urithi wa watoto tu.

Halafu mbuzi. Mbuzi hakuwa kwenye bango, lakini ulipoandama mwezi wa mfungo tatu akaja bwana mmoja wa ofisini, anakaa ghorofa ya sita Mtaa wa Lumumba. Alikuwa ametoka mnadani Pugu kununua mapema mbuzi wa Idd el-Hajj kabla bei haijapanda, na alipofika kwake ndipo alipokumbuka kwamba anaishi ghorofa ya sita. Siku kumi, shilingi 5,000 kwa siku, majani juu yake. Masharti mawili. La kwanza, asipate kilema, maana mbuzi wa kuchinja hafai akiwa chongo, kiguru, mgonjwa au kimbaumbau. La pili, nisimpe jina.

"Ni mbuzi tu," akasema. Akampapasa shingoni, akakumbuka kwamba ninamwona, akajifanya anamkagua kupe.

Siku ya tatu mbuzi akachechemea. Nilitokwa na jasho ambalo sijawahi kutokwa nalo kwa ajili ya binadamu yeyote. Nikamlaza uwani, nikamshika mguu, bibi akamulika kwa simu, na katikati ya kwato tukakuta kizibo cha soda kimejipachika vizuri kama pete. Tukakitoa kwa koleo la fundi. Mbuzi akasimama, akatembea, bibi akasema Alhamdulillahi, mimi nikakaa chini. Nikajiona nimemaliza mitihani.

Siku ya tano akatafuna kamba.

Mlango wa nyuma wa duka la Mangi unafungukia uwani, na Mangi alikuwa ametoka kushusha mzigo. Nilipoingia nilimkuta mbuzi amesimama nyuma ya kaunta, mahali hasa pa muuzaji, mbele yake Meneja kakaa juu ya mizani anashuhudia bila kuingilia kati. Ukutani palibaki msumari na kipande cha uzi. Hapo ndipo huning'inia daftari la madeni. Mdomoni mwa mbuzi ulitoka ukurasa wa mwisho, unapungua taratibu, nami nikawahi kusoma mwandiko wa Mangi: *mafuta nusu, sukari robo, atalipa Ijum…* Ijumaa ikaingia ndani.

Mtaa mzima ulijua kabla Mangi hajarudi. Sijawahi kuona mnyama akipendwa vile. Watu waliokuwa wakizunguka kupitia Mtaa wa Mkunguni ili wasionekane na Mangi sasa walikuja uwani mmoja mmoja, na maganda ya ndizi, na majani ya mahindi, na mmoja na kachori. Mama lishe alileta ukoko wa wali. Fundi cherehani, aliyekuwa akidaiwa shilingi 42,500, alimshonea mkanda wa shingoni wa kitambaa chekundu, rangi ya timu, na ndiye aliyevunja sharti la pili. Akampa jina Msamaha.

Mangi alirudi, akaambiwa, akautazama msumari. Hakusema neno. Hakusema kesho yake wala keshokutwa. Aliuza fedha taslimu, akatabasamu, akarudisha chenji. Ukimya ule ulinitisha kuliko kizibo.

Siku ya Idi, baada ya sala, mwenye mbuzi akaja na mchinjaji. Alimkagua: macho mawili, miguu minne, kitambi. Akanilipa. Kisha akasema shika kamba wewe, yeye ana simu ya haraka, akaenda kusimama ukumbini na simu ambayo haikuwa imewaka. Jioni akatuma kijana alete fungu la majirani, paja zima, kwenye ile ile mifuko inayopitisha kila kitu.

Bibi akapika pilau. Tukatandika jamvi uwani, akaitwa na Mangi, maana sikukuu ni ya mtaa. Fundi alipiga bismillahi kwa sauti, akasema kwa mdomo uliojaa kwamba huyu ndiye kiumbe pekee aliyewahi kumtendea haki tangu ahamie Dar es Salaam. Mangi alikula kwa utulivu. Akaongezwa, akala tena, akasifu viungo, akamtupia Meneja mfupa, akanawa, akajifuta.

"Fundi," akasema, "arobaini na mbili na mia tano."

Fundi akaacha kutafuna.

"Daftari si limeliwa, Mangi?"

"Limeliwa na mbuzi," akasema Mangi. "Na mbuzi nimemla mimi." Akajipapasa tumbo, taratibu, kama mtu anayefunua ukurasa. "Hesabu yote iko humu. Mama lishe, wewe ni ile ya Ijumaa."