Umaskini Wako Una Muhuri?

Mwanangu uliyetoka kufanya mtihani wa kidato cha sita, mimi nina haraka kuliko wewe. Wewe unasubiri matokeo, mimi nasubiri uende RITA.

Najua unachowaza. Utafaulu, mama hana kitu, baba alishatangulia mbele za haki, na mtaa mzima unajua paa lenu linavuja upande gani. Kwa hiyo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu itakuona tu. Haitakuona, mwanangu. Bodi haijawahi kunyeshewa na mvua ikiwa sebuleni kwenu. Inakujua kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, kwa majina yako matatu na kwa mihuri. Umaskini usio na muhuri hauna pa kuingilia.

Tangu Bodi ianze kazi mwaka 2005 nimeona watoto wa wajane wakikosa mkopo, na pembeni yao wenye unafuu wakiupata. Wale wa pili hawakuiba. Walikuwa na baba mdogo mwalimu au dada aliyewahi kusoma chuo kikuu pale Mlimani, mtu aliyekaa nao mezani akawasomea mwongozo wa maombi mstari kwa mstari. Huyo ndugu ndiye utajiri wenyewe. Kama kwenu hayupo, leo mimi ni shangazi yako. Vuta kigoda.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo wengi wanapozama. Toa cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na namba yako ya kitambulisho cha taifa kutoka NIDA, uviweke vyote juu ya meza. Sasa soma herufi moja moja, kama mtu anayechambua mchele wa pilau. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, shuleni waliandika Mohamed, NIDA wana Muhammad. Mama yako akiita majina yote hayo unaitika. Kompyuta inamwona mmoja tu, hao wengine wawili haiwajui.

Mtoto wa kaka yangu alipata makubwa kuliko herufi. Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza alipelekwa na mjomba wake, kwa kuwa kaka yangu alikuwa kitandani anaumwa. Mwalimu akauliza, "Baba anaitwa nani?" Mtoto wa miaka saba akamtazama aliyemshika mkono, akataja jina la mjomba. Likaandikwa. Likapanda naye darasa la saba, likapanda kidato cha nne, likachapwa kwenye cheti. Kaka alifariki. Miaka ilipopita na mtoto akataka kuomba mkopo kama yatima, cheti cha kifo kilikuwa cha mtu ambaye jina lake halikuonekana popote kwenye karatasi za mtoto. Alikuwa amemzika baba yake kwa mikono yake, lakini kwenye mfumo hakuwa mwanawe. Tulikwenda kwa wakili, tukaapa, tukasajili marekebisho, tukasubiri. Nilikonda kuliko mtoto mwenyewe. Jina lake lilitoka kwenye awamu ya mwisho ya mikopo, na mpaka leo nikisikia mtu anasema "herufi moja tu" moyo unanidunda.

Kwa hiyo ukikuta tofauti, ishughulikie sasa, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Hilo huwa katikati ya mwaka, ambapo wengi wenu mko kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) mnakimbia mchakamchaka. Kambini hakuna wakili wa kukusubiri chini ya mwembe.

Vyeti vikishakuwa sawa vinahitaji uhakiki. Kwa Tanzania Bara ni RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kwa Zanzibar ni ZCSRA, Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kuwa na cheti kabatini hakutoshi, lazima wakala athibitishe kuwa kweli alikitoa yeye. Na hapa ndipo kuna jambo linaloniuma kuliko yote. Familia nyingi zikifiwa huchukua kibali cha mazishi, zinazika, zinafanya arobaini, zinatawanyika. Hakuna anayerudi kufuatilia cheti cha kifo. Nani ana nguvu ya kupanga foleni akiwa kwenye matanga? Lakini baba aliyezikwa bila cheti, kwenye karatasi bado yu hai na ana nguvu za kukulipia ada.

Mengine nayapita haraka. Kama wewe au mzazi wako ana ulemavu, fomu isainiwe na Mganga Mkuu wa wilaya au mkoa. Kama kaya yenu iko kwenye mpango wa kaya maskini wa TASAF, tafuta namba ya kaya. Kama sekondari ulisomeshwa na mfadhili, mwombe barua. Usiache shule ya gharama ikusemee kuwa kwenu kuna fedha, wakati ada ililipwa na watu wa kanisa au msikiti.

Sasa fomu. Utakwenda steshenari, utamkuta kijana mwenye vidole vyepesi, atakwambia, "Kaa hapo, dakika kumi tu." Anakusaidia kweli, Mungu ambariki. Ila tazama anachoandika. Akiweka namba yake ya simu na nywila anayoijua yeye, akaunti yako ameibeba mfukoni. Miezi miwili baadaye Bodi inatuma ujumbe kuwa ukurasa mmoja hauna muhuri, ujumbe unaingia kwenye simu yake, na yeye amehamia Kahama kuuza viatu. Weka namba yako, barua pepe yako, nywila yako, na uiandike kwenye daftari ambalo mdogo wako hachani kurasa. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, unailipa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe, si mkononi mwa mtu.

Kama uliwahi kurudia mtihani wa kidato cha nne, una namba mbili. Namba uliyoombea chuo ndiyo uombee mkopo. Chuo kimpokee yule yule ambaye Bodi inamlipia.

Fomu ikishachapwa inakwenda kutembea. Mdhamini wako anasaini na kuambatisha kitambulisho. Usimshtukize mama kwa kalamu. Mweleze maana ya udhamini, kwa sababu anaweka jina lake kwenye deni. Kisha mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji. Nenda asubuhi, umevaa heshima, na "Shikamoo, mzee" iwe ya kwanza kutoka mdomoni kabla ya shida. Anakujua tangu unakimbiza matairi. Atakuuliza habari za mama, atakuuliza lini mtalipa mchango wa ulinzi shirikishi. Jibu yote kwa upole. Kisha wakili au hakimu, kwa ajili ya kiapo. Na kila ofisi, kabla ya kuaga, geuza karatasi mbele na nyuma. Je, kuna saini? Kuna tarehe? Muhuri unasomeka, au umeacha kivuli cha zambarau tu? Kurudi kuomba muhuri mara ya pili ni nauli, na nauli ndiyo usiyonayo.

Jambo moja nitalisema kwa sauti kubwa. Usimuue baba aliye hai. Najua wapo wanaotafuta cheti cha kifo cha mzazi anayelima mihogo akiwa mzima wa afya. Fedha ya Bodi haijawahi kuwatosha wote wanaohitaji. Kiti unachokikalia kwa uongo kilikuwa cha yatima wa kweli, na huyo hutamwona, kwa sababu atakuwa amebaki kwao. Sitaki mtoto wa kwangu aende chuo kwa njia hiyo, hata kama ningemsomesha kwa kuuza vitumbua.

Ukishatuma, majina hutoka kwa awamu. Utaingia kwenye akaunti yako mara kumi kwa siku, na rafiki yako atatoka awamu ya kwanza wakati wewe hujaonekana. Usipandwe na hasira. Thibitisha udahili wako kwenye chuo kimoja kama Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inavyotaka, fika chuoni, ujisajili. Ukipata kidogo au ukakosa, kuna dirisha la rufaa, na rufaa haitaki insha ya machozi. Inataka karatasi uliyokosa mara ya kwanza. Kama baba hakuwa na cheti cha kifo na sasa anacho, hiyo ndiyo rufaa yako. Kurasa tatu za kueleza njaa haziongezi kitu ambacho cheti kimoja hakijasema.

Na wiki za kwanza chuoni uende na chakula. Simaanishi nauli ya ziada, namaanisha unga, maharage, dagaa na chumvi kwenye mfuko wa salfeti. Fedha haifiki siku moja na wewe. Nimeona mabinti Dodoma wakiishi kwa chai na andazi moja wakisubiri, wakiona aibu kusema. Mwenye unga hapigi pasi ndefu za kuruka milo, na atapata marafiki wenye sufuria.

Kisha siku moja utasikia kelele kwenye korido za hosteli: limetoka! Bumu, fedha ya chakula na malazi. Sasa ni shilingi 10,000 kwa siku, zamani ilikuwa 8,500. Lakini kabla hujacheza, kasaini. Kidole chako kwenye mashine ndicho kinachosema upo hai na unasoma. Usiposaini kwa wakati, fedha inarudishwa Bodi, na kuirejesha ni safari nyingine ya madawati. Weka siku ya kusaini kichwani kama siku ya mtihani, na afisa mikopo wa chuo chako umjue kwa sura, kwa jina na kwa saa anazokuwa ofisini.

Fedha ya siku 60 ikiingia kwa mkupuo ni shilingi 600,000. Kwenye simu yako haijawahi kulala namba kama hiyo, na utajiona umekuwa mtu mwingine. Huo ndio wakati wa hatari. Jioni ile ile kuna chipsi kuku za kusherehekea, kuna mtu anauza simu kwa bei ya kutupa, kuna rafiki anayehitaji "kama elfu hamsini hivi, nakurudishia bumu lijalo." Mwanangu, laki sita si utajiri. Ni asubuhi sitini, na kila asubuhi imekuja na elfu kumi yake mkononi. Ukila asubuhi za mwezi ujao usiku huu, mwezi ujao utaamka na hutakuta kitu. Toa kodi ya chumba kwanza. Zinazobaki ziweke mahali ambapo kuzitoa kunakuchosha kidogo, na ujipe za wiki, kila Jumatatu.

Na nyumbani je? Hili hakuna mwongozo wa Bodi unaoligusa, na ndilo linalomaliza bumu la mtoto wa maskini. Simu inalia: mdogo wako kafukuzwa kwa mchango wa shule, bibi amelazwa. Utatuma, najua, na mimi ningetuma. Lakini mama aambiwe ukweli tangu mwanzo kuwa lile bumu si mshahara, ni chakula chako, na ukikimaliza utafeli. Akina mama wanaelewa hesabu ya sufuria kuliko mhasibu yeyote. Wasichokijua ni kwamba sufuria yako iko tupu, maana kila wakipiga unawajibu, "Niko poa tu, mama."

Njaa hiyo hufelisha, na kufeli kunatuleta kwenye kuutunza mkopo wenyewe. Mkopo wa mwaka wa pili unategemea matokeo ya mwaka wa kwanza. Ukidisko, yaani ukiondolewa chuoni kwa kufeli, basi. Ukidaka sapu, yaani mtihani wa marudio, isome kana kwamba ndiyo mtihani pekee duniani, na uhakikishe matokeo yako mapya yamefika kunakohusika. Ukiugua au ukajifungua, usipotee kimya kimya. Ahirisha masomo kwa barua, ipokelewe, ubaki na nakala yenye muhuri. Ukibadili kozi au chuo, dawati la mikopo lijue kabla hujafunga begi. Wengi waliopoteza mikopo walikuwa na sababu nzuri kabisa, walizozieleza kwa wenzao wa chumbani tu.

Na utalipa. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa. Ukijiajiri, ni asilimia 10 ya kipato au shilingi 100,000 kwa mwezi. Waliotutangulia waliumia zaidi: kulikuwa na asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo iliyotozwa kila mwaka, na faini ya asilimia 10 kwa waliochelewa, mpaka zikafutwa mwaka 2021. Nawajua walimu waliolipa miaka na miaka wakiona deni halishuki. Wewe umekuta mzigo umepunguzwa. Ulipe, kwa kuwa makato yako ndiyo bumu la mtoto ambaye leo yuko darasa la tatu, na huyo naye baba yake huenda anaumwa.

Hayo ya makato yako mbali. La leo ni dogo. Chini ya kitanda cha mama kuna lile sanduku la bati, na ndani yake, katikati ya kanga na kadi za kliniki, kuna kibali cha mazishi ya baba. Usilifungue peke yako. Ngoja mle, vyombo vioshwe, watoto walale. Kaa karibu naye, umwombe taratibu akitoe. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikitoa, kipige picha kwanza, kisha umwambie kesho mtakwenda wote RITA.