Barua ya Kariakoo kwa Walioko Mombasa: Gari la Mhitimu

Gari la kwanza la mhitimu jijini Dar es Salaam mara nyingi ni Toyota: IST, Vitz au Passo. Uamuzi huo haufanyiki yadini. Hufanyika Gerezani, ubavuni mwa Kariakoo, kwenye maduka ya spea na mafundi wa kila aina. Mhitimu aliyetoka Mombasa amezoea kuuliza kwanza gari ni la mwaka gani. Dar hufunzwa kuuliza kwanza shokapu lake ni bei gani na linauzwa maduka mangapi. Gari ambalo bushi yake haipatikani Gerezani kabla ya adhuhuri, hata liwe la Kijerumani na viti vya ngozi, mwisho wake ni banda la kuku.

Suala la umri huwashangaza sana wajomba wa Mombasa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania haikukataza, iliweka bei. Kodi huanza kuhesabiwa juu ya thamani ya gari pamoja na nauli ya meli na bima: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya kati ya cc 1000 na 2000, na asilimia 30 nyingine ya uchakavu kwa gari dogo lililopita miaka 10. VAT ya asilimia 18 huja mwisho na kukaa juu ya vyote, kwa hiyo kodi nazo hulipiwa kodi. Toleo la kwanza la IST lilitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Hakuna hata moja linalochomoka kwenye uchakavu. Lililofika bandarini kwa milioni 5 linadai karibu milioni 5 nyingine, bado tozo ndogondogo na ujira wa wakala. Vitz na Passo za cc 996 huepuka ile asilimia 5 tu. Wapo wanaodhani ankara yenye bei ya kirafiki itasaidia, lakini TRA, mamlaka ya mapato, ina mfumo wake wa thamani za magari, na mfumo huo hauna urafiki.

Ndiyo maana mwenye bajeti finyu hununua gari la mkononi, ambalo kodi ilishalipwa na mtu mwingine, tena wakati ambapo shilingi ilikuwa na nguvu. Hapo umri wa gari husomwa kwenye kibao. Baada ya T na tarakimu tatu huja herufi tatu, na ile ya kwanza ndiyo cheo: namba A ni mzee wa mtaa, namba B na C watu wazima, namba D anaheshimika, namba E bado ananukia meli. Jambo moja halisemwi kwa sauti: herufi hiyo hueleza gari liliandikishwa lini nchini, si lilitengenezwa lini. IST ya 2004 iliyoshuka juzi ni namba E kamili, na bei yake hupanda kama vile imezaliwa upya.

Dalali naye ana lugha yake. “Maongezi yapo” maana yake bei ya kwanza ni salamu. “Mwenyewe ana shida” maana yake mnunuzi aharakishe kabla hajafikiri. “Ya dada mmoja, kazini na nyumbani tu” haielezi kwamba kazi yenyewe iko Kibaha, nje kabisa ya jiji. Akitaja kuwa gari halidaiwi ada ya mwaka ya leseni ya barabara, anasifia kitu kisichodaiwa gari lolote: ada hiyo ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta.

Ukaguzi hufanywa asubuhi injini ikiwa ya baridi, na fundi aliyeletwa na mnunuzi. Fundi aliyeletwa na dalali ni dalali wa pili. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imekutana na maji. Taa ya injini iwake ufunguo unapozungushwa, kisha izime. Isiyowaka kabisa huenda imenyamazishwa. Kilomita hurudishwa nyuma kirahisi, ila warudishaji husahau stika ya Kijapani ya kubadilisha oili iliyobaki kwenye nguzo ya mlango: kama stika inasema 112,000 na dashibodi inasema 68,000, mazungumzo yamekwisha. Kapeti nalo lifunuliwe na shimo la tairi la akiba lipapaswe, kwani bonde la Msimbazi likifurika pale Jangwani magari huoga bila kuvua. Tope kavu chini ya reli za viti halitokani na vumbi la Kariakoo.

Yapo ambayo si ubovu. Mama wa Kijapani anayezungumza kila gari linapowashwa analalamikia kadi ya barabara za kulipia za kwao, na asipong'olewa atalalamika miaka yote. Redio ya Kijapani nayo haifiki masafa ya juu, hivyo vituo vingi vya Dar hubaki hadithi hadi fundi redio aguse.

Baada ya kununua, kazi ya kwanza ni kuchora namba ya gari kwenye vioo vya pembeni na taa. Gari lililoegeshwa Kariakoo bila michoro linaweza kukutwa limepoteza kioo kimoja, na mwenye gari akaenda Gerezani kununua kioo anachokifahamu sana.

Karatasi hazichekeshi. Jina la kadi lilingane na la muuzaji, namba ya chesisi isomwe kwenye chuma chenyewe, bima ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, na faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi, maana deni hufuata namba ya gari. Kadi nyingi bado zina jina la mmiliki wa mwanzo aliyeuza kwa wa pili ambaye hakuhamisha umiliki.

Kuhusu kulileta gari hilo Mombasa: mpaka wa Horohoro hudai kibali cha forodha cha muda na bima ya COMESA, ile kadi ya njano. IST ina viti vitano pamoja na cha dereva, hivyo orodha ya ndugu wa Kisauni wanaotaka kupelekwa harusini Tanga ipunguzwe.